Lisbon kwa meli: basi la watalii liacheni, nendeni mkaone dhahabu ya Kilwa

Kama meli yenu ya kitalii itasimama Lisbon hata siku moja, nakuambia mapema kabisa, usitoe hela kwa ile safari ya basi wanayowauzia humo ndani ya meli. Linawapeleka sehemu zile zile ambazo tramu inafika kwa hela kidogo, wanawapa muda wa kupiga selfi tu, halafu linapita chini ya jumba moja lenye kitu ambacho mtu wa Afrika Mashariki alitakiwa akione kabla ya vyote, linapita hivi hivi, hata hawakitaji. Kitu chenyewe ni dhahabu ya Kilwa. Nitafika huko, ila kwanza nijibu swali maana nawajua, kuna mtu ameshaanza kuandika "we wa Jinja kruzi umeipata wapi".

Dada yangu ndo alilipa. Ni nesi, anakaa London miaka mingi, na alimuahidi Mama kwamba siku atakapostaafu ualimu atampandisha meli. Mama ni wa Arua, marehemu baba alikuwa mwanajeshi, sisi tumekulia kota za kambini Jinja na Kiswahili chetu ndo hiki cha kambini mnachokisoma, wa Mombasa na Unguja mtuvumilie. Mama kafundisha P6 (darasa la sita) maisha yake yote, tena SST (maarifa ya jamii), na hilo likumbukeni kwa sababu lina kazi huko mbele.

Meli tulipandia Southampton. Kwa wenzangu wa pasipoti ya Uganda, viza ya Uingereza peke yake haikushushi Lisbon, lazima uwe na ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, hata kama unashuka kunywa kahawa tu unarudi, na ile ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja la sivyo safari ikiisha unakwama. Makaratasi ni mengi, taarifa za benki, barua ya kazi, mpaka Mama akauliza kama wanataka na cheti chake cha ubatizo.

Haya. Siku ya kuingia Lisbon usilale. Amka kabla jua halijatoka, chukua chai yako, panda deki ya juu kabisa mapema maana baadaye wazee wa Kiingereza wanajaa kwenye reli na kamera zao hupati pa kusimama. Meli inaingia mto Tejo taratibu kutoka bahari ya Atlantiki, na mji wote unaupata upande wa kushoto: mnara wa Belém, mnara mwingine wa zege wenye umbo la jahazi, monasteri ndefu nyeupe, halafu nyumba zinapanda vilima moja juu ya nyingine. Lisbon nao wanajisifu mji wao una vilima saba, tuliwaambia wa mezani kwetu kwamba Kampala pia, wakafikiri tunatania. Kulia, ng'ambo ya mto, kuna Yesu mkubwa kafungua mikono, Cristo Rei wanamwita, sanamu ya mita 28 juu ya nguzo ya mita 82, walimzindua 1959 baada ya kuona wa Rio.

Halafu mnapita chini ya daraja. Hapo ndo Mama alinishika mkono, maana ukiwa juu kule unaliona linakuja usawa wa bomba la moshi la meli na unaamini kabisa kepteni kakosea hesabu. Hakukosea, kuna nafasi ya mita 70. Lakini kilichonishangaza mimi ni sauti, maana sehemu ya barabara ya juu ni wavu wa chuma na magari yakipita linavuma muda wote, zito, unalisikia kabla hujafika na unaendelea kulisikia umeshalipita. Lilifunguliwa 1966 likiwa na jina la Salazar, dikteta wao, halafu tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi waliochoka na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea wakaipindua serikali na watu wakawawekea maua ya mikarafuu kwenye mitutu ya bunduki, daraja likabadilishwa jina likawa la tarehe hiyo. Kati ya mnara na mnara ni mita 1,013. Lile letu la Jinja tunalojivunia, la 2018, lote zima ni mita 525, na bado nalipenda zaidi, sitaki ubishi.

Meli inafunga karibu na stesheni ya Santa Apolónia, chini ya mtaa wa Alfama. Ni uzuri wa kituo hiki kwamba unatoka mlangoni na miguu yako uko mjini, hakuna kusubiri basi la bandari. Watu wengi wanapanda Alfama moja kwa moja na ni sawa, vichochoro vyake ni vya kale, tetemeko la 1755 halikuvimaliza, nguo zinaanikwa juu ya kichwa chako na bibi anakuangalia dirishani kama vile umeingia kwake bila hodi. Lakini goti la Mama lilitazama zile ngazi likasema hapana. Tukatembea pembeni ya mto mpaka Praça do Comércio, uwanja mkubwa wa katikati ya mji, tukanunua kadi za siku nzima, zinakula tramu, basi na metro, tukapanda tramu namba 15 kwenda Belém. Ile maarufu ni namba 28, vile vibehewa vidogo vya mbao vya njano, tuliipita imejaa watu wananing'inia na foleni nyuma yake ndefu, na kila mtu anakuonya wezi wa mifukoni wanapanda humo kazini kwao. Taksi za Kisenyi, Kampala, zimenifunza kushika mfuko wangu bila kuambiwa ila kusimama foleni ili niibiwe sijafika huko.

Belém ndo Wareno wanapojisifia. Ule mnara wa zege niliouona toka melini unaitwa Padrão dos Descobrimentos, wa 1960, zaidi ya mita 50 kwenda juu, na mabaharia, mapadri na wafalme wa mawe wamepanga mstari kuelekea mtoni, mbele kabisa ni mwanamfalme Henry kashika kijahazi. Chini yake uwanjani kuna ramani ya dunia ya mawe ya rangi, zawadi kutoka Afrika Kusini ya wakati ule wa makaburu, na watu wanatembea juu ya mabara wanatafuta kwao. Watoto wa Kihindi walikuwa wamekaa juu ya India. Mimi nikaenda nikasimama Afrika Mashariki, Mama akapiga picha, akaniambia sogea kidogo uko Kongo.

Ng'ambo ya barabara ni monasteri ya Jerónimos, walianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500 na ikawachukua kama miaka mia. Pesa ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na India, pilipili manga, dhahabu, hivyo hivyo. Jiwe limechongwa kama kamba za meli, fundo, matumbawe, sijawahi kuona jiwe limefanyiwa kazi namna hiyo na nasema ukweli hata kama historia yenyewe inanikera. Sehemu ya ndani yenye bustani inalipiwa na foleni ilikuwa mpaka barabarani kwenye jua, kwa hiyo tukaingia kanisani tu, ambako hatukulipa, na ukiingia mlangoni tu kushoto kwako huyu hapa: Vasco da Gama. Amelala chali juu ya jeneza la jiwe jeupe, mikono kaikutanisha anasali, ubavuni wamemchongea jahazi.

Mama alisimama pale muda mrefu. Mwalimu wa P6, fikiria, mtu kaandika jina hili ubaoni kila mwaka, 1498 Mombasa, 1498 Malindi, watoto mkariri itatoka kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Alimwangalia toka kichwani mpaka miguuni, akasema:

"Huyu ndo yeye? Nilikuwa namfikiria mrefu."

Dada alicheka mpaka mlinzi akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Mama yeye hakucheka, alikuwa anaangalia lile jahazi, akaanza somo palepale kwa sauti ya chini. Kwamba huyu aliondoka hapa Belém Julai 1497, Mombasa walishtukia janja yake akaondoka bila raha, Malindi mfalme wao alikuwa hapatani na Mombasa kwa hiyo akampokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, India. Vijana wawili wa Kibrazili waliokuwa wamesimama nyuma yetu hawakuelewa hata neno moja la Kiswahili ila walikaa wakasikiliza mpaka mwisho. Na mbele kabisa ya kanisa mfalme Manuel mwenyewe, aliyemtuma, jeneza lake limebebwa na tembo wa mawe. Hao Mama aliwapenda.

Mnara wa Belém tuliuangalia kwa nje. Kama mkifika tafuteni, chini ya kibanda kimoja cha pembeni kuna kichwa cha kifaru cha jiwe, kimelika na maji na upepo mpaka pua imekwisha. Kilichongwa kwa ajili ya kifaru wa kweli ambaye sultani wa Gujarat alimzawadia Mreno akafika Lisbon 1515, jina lake Ganda (Waganda msianze). Watu wa Ulaya walikuwa hawajaona kifaru tangu enzi za Warumi. Mfalme akamvalisha mkufu akamtuma kwa Papa, meli ikazama karibu na Italia, na kifaru kafungwa minyororo. Nilifikiria wale vifaru wetu wa hifadhi ya Ziwa kule Nakasongola. Uganda wa porini waliuawa wote wakaisha miaka ya 1980 mwanzoni, hawa wa sasa ni wa kuletwa na kuzaliana humo, na kila mmoja ana askari wa kumtembelea nyuma.

Kuhusu vile vikeki vya Belém vya mayai na maziwa, duka liko hapo tangu 1837, ni vitamu, unamwagia mdalasini juu unakula cha moto. Foleni ya kubeba inakwenda haraka kuliko inavyoonekana. Mama alikula akasema sukari nyingi kisha akala cha dada.

Sasa ndo tufike kwenye shughuli yenyewe. Wakati wa kurudi na tramu msiende mpaka mwisho, shukeni karibu na bandari ya Alcântara, pandeni ngazi (goti la Mama lilikuwa na maneno mengi hapa, nayaacha), juu kuna bustani ndogo inayotazama makontena na pembeni yake jumba la makumbusho la Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga. Halikuwa na foleni kabisa. Sisi, wazee wachache na kikundi cha wanafunzi waliochoka. Michoro ya watakatifu ni mingi sana humo, mkiipenda haya, sisi tulipita mbio tukawa tunauliza tu walinzi "Custódia, Custódia", ndo jina la kitu chenyewe, mpaka mmoja akatunyooshea kidole.

Iko ndani ya kioo, taa zote zimeelekezwa kwake. Ni chombo cha kanisani cha kuwekea ekaristi, hakijafika hata mita moja kwa urefu, kimejengwa kama kanisa dogo lenye minara ya dhahabu myembamba kiasi kwamba unajiuliza fundi alikuwa anatumia vidole gani. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja ana nguo ya rangi yake na sura yake, nywele zake, huyu ana kipara, huyu ndevu, na juu yao ananing'inia njiwa mweupe mdogo. Ukiinama chini kwenye kitako kuna ndege na maua na konokono, konokono jamani, wa dhahabu na rangi. Na kuzunguka kitako kuna maandishi. Mama alivaa miwani, akaanza kuzunguka kile kioo polepole akisoma herufi moja moja Kireno asichokijua, tukamfuata nyuma, mpaka akasimama akagonga kioo na kidole, mlinzi akakohoa. Pameandikwa QILVA.

Ni Kilwa. Maandishi yanasema mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, kikamalizika 1506. Hawakuficha, wameandika wenyewe kwenye dhahabu yenyewe. Huyo wa kaburini, Vasco, kwenye safari yake ya pili 1502 alifika Kilwa na meli zenye mizinga akamlazimisha mtawala awe analipa kodi kwa Ureno au mji uchomwe, akalipwa, akaibeba mpaka huku. Kilwa ile ambayo Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliipita 1331 akaisifu kwamba ni katika miji mizuri kuliko yote. Dhahabu yake ilikuwa inatoka bara, huko Zimbabwe, inashukia Sofala pwani ya Msumbiji, inapanda na majahazi mpaka Kilwa, na wenye mji walijenga nayo misikiti na majumba ya matumbawe ambayo magofu yake yapo mpaka leo. Na miaka mitatu tu baada ya ile kodi, 1505, Wareno wakarudi na kamanda wao Almeida wakauteka mji kabisa. Kwa hiyo wakati fundi anamalizia ndevu za mitume hawa, Kilwa ilikuwa tayari mikononi mwao.

Mama alikaa kwenye benchi. Akasema, "Sababu za Wareno kuja Afrika Mashariki. Moja, kutafuta dhahabu. Mbili, njia ya India. Tatu, kueneza dini. Nimeandika hiyo namba moja ubaoni miaka yote, hakuna mtoto hata mmoja aliyeniuliza mwalimu, waliipata? Na ilienda wapi?" Akakaa kimya kidogo. "Na mimi sikujiuliza."

Akamuita yule mlinzi aliyekohoa, mzee wa makamo hivi, Kiingereza chake kidogo, akamuuliza kama watu wa Tanzania huwa wanakuja kuiona. Mzee akasema Wabrazili wanakuja, Wachina wanakuja, Tanzania hakumbuki. Mama akamwambia sisi ni wa Uganda lakini hii ni ya jirani yetu. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasogea pembeni akatuacha hata tulipobandika pua kwenye kioo. Tulikaa humo kuliko sehemu nyingine yoyote Lisbon na kama meli isingekuwa na saa ya kufunga mlango nadhani Mama angekuwa bado yupo.

Katikati ya mji nitapita haraka. Praça do Comércio palikuwa na ikulu ya mfalme, asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani mishumaa inawaka, tetemeko likaja, kisha wimbi likapanda mto, kisha moto wa siku nyingi. Mitaa iliyonyooka unayoiona nyuma yake ndo waliijenga upya, ndani ya kuta waliweka fremu za mbao zisiangushwe tena. Mawe ya njia yote yamesuguliwa yanateleza, vaeni viatu vya mpira. Karibu na uwanja wa Rossio kuna kanisa la São Domingos lililoungua 1959 na wakaacha nguzo zake hivyo hivyo zimepasuka, nje yake uwanjani ni Waafrika watupu, wa Guinea-Bissau wengi wao, kina mama wamekaa na beseni za karanga na bamia, wazee wamesimama vikundi vikundi wanaongea siasa bila shaka. Mama alinunua karanga, yeye na muuzaji hawana lugha hata moja ya pamoja, wakabishana bei kwa vidole na Mama akapunguziwa.

Kilichotuponza ni samaki. Kuna mtaa, Rua do Arsenal, maduka yanauza bacalhau, ni samaki wa baridi wanavuliwa mbali huko Norway, wanakaushwa na chumvi, wamerundikwa kama mbao, na harufu ilimfikia Mama kabla hatujakata kona. Mtu wa Arua na harufu ya angara, wale samaki wakavu wa kwetu, mnajua wenyewe. Akachagua kipande kinene, wakamfungia vizuri, dada akamwambia Mama melini hawataki chakula cha nje, Mama akasema huyu si chakula bado, ni mkavu.

Kwenye mashine ya mizigo wakamuona. Kijana wa usalama alikuwa mpole sana, anamwita madam, lakini samaki hapandi. Mama akamweleza hatoi maji, hatoi uchafu, anaweza kukaa hata mwezi. Nyuma yetu foleni imeshakuwa ndefu, dakika za kuondoka zimebaki chache, dada anataka ardhi immeze. Samaki akaingia kwenye pipa lao na Mama akapanda ngazi bila kumuangalia mtu.

Dada alimtuliza kwamba London, Stockwell, Wareno wamejaa na maduka yao. Tuliporudi kweli tulienda, tena akapewa maelekezo, umloweke usiku kucha na zaidi, maji ubadilishe badilishe la sivyo chumvi itakuua. Mama akamloweka kwa utiifu, halafu maelekezo ya viazi na mafuta ya zeituni akayaweka pembeni akampika kwa karanga na simsim. Nyama yake inatoka vipande vikubwa vyeupe, inashika mchuzi, ukila na posho (ugali) huhitaji maneno. Angara bado ndo bora, Mama alisema akiwa anaongeza sahani ya pili.

Na angalieni ratiba kabla hamjalipia meli, Jumatatu hilo jumba linafungwa, na Jerónimos pia.